Siri ya Nyumba na Haki ya Aliyedhulumiwa

Miongoni mwa maswali ya maadili ambayo watu wengi hupenda kuyapita upesi upesi, limo hili: mtu akijua ya kuwa jirani yake anampiga mkewe, limpasalo ni lipi? Anyamaze, kwa kuwa mambo ya nyumba za watu ni siri yao? Ama aseme, na akisema, amwambie nani? Swali hili si la Waislamu peke yao wala la Wakristo peke yao. Humjia kila mtu aliyetenganishwa na jirani yake kwa ukuta mmoja, humjia kila shehe na kila padri, na humjia kila mzazi aliyemwona binti yake amerudi alfajiri na kanga moja begani.

Katika makala hii tutajaribu kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba kumsitiri mtu ni wema mkubwa, lakini sitara haikuwekwa iwe pazia la kumfichia mtu anayemwumiza mwenzake. La pili ni kwamba neno jema lisiloonyesha njia si msaada. Mwenye kudhulumiwa anapobisha hodi mlangoni kwako usiku, huo si wakati wa kuanza kuuliza msaada uko wapi. Kwa hiyo kuijua njia mapema ni sehemu ya ujirani mwema, kama vile kujua kisima kilipo kabla ya moto kuwaka.

Msiba Usiokuwa wa Nyumba Moja

Kwanza tuiondoe dhana ya kwamba jambo hili ni la watu wachache wasiofunzwa adabu. Mwaka 2005 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi 10, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Miongoni mwa wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenzi, 41 katika kila 100 jijini Dar es Salaam, na 56 katika kila 100 mkoani Mbeya, walieleza kwamba mwenzi huyo aliwahi kuwapiga au kuwaingilia kwa nguvu. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania nzima mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wanawake 40 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliwahi kupigwa tangu walipofika umri wa miaka 15.

Uchunguzi huo huo ulikuwa na jambo la ajabu zaidi. Watu waliulizwa kama mume anayo haki ya kumpiga mkewe kwa sababu kama vile kuunguza chakula, kubishana naye, au kutoka nyumbani bila kumwarifu. Wanawake waliosema kwamba anayo haki hiyo kwa sababu mojawapo walikuwa 58 katika kila 100. Wanaume waliosema hivyo walikuwa 40 katika kila 100. Yaani wanaotishwa na fimbo ndio walioitetea kuliko wanaoishika! Hii si dalili ya kwamba fimbo ni haki. Ni dalili ya kwamba mafunzo ya kunyamaza yameingia mioyoni mpaka mwenye jeraha analiona jeraha lake kuwa ni sheria.

Basi jambo linalowapata watu wengi kiasi hicho haliwezi kuitwa siri ya nyumba fulani. Ni msiba wa mtaa mzima, nao wataka jibu la mtaa mzima.

Maneno Manne Mazuri

Tutoe mfano. Hatumsemi mtu fulani. Twasimulia mambo ambayo msomaji atayatambua mara moja, awe mkaaji wa mjini au wa shamba.

Mwanamke amepigwa usiku, naye anabisha hodi kwa jirani. Jirani anamkaribisha, anamkanda kwa maji ya moto, na kumwambia, "Subiri, mwanangu, ndoa ndivyo ilivyo." Asubuhi anakwenda kwa wazazi wake. Baba anamwambia, "Mahari ilikwisha kuliwa. Rudi kwako, usituvunjie heshima." Anakwenda kwa shehe. Shehe anamwusia azidishe sala na kumtii mumewe. Mwisho anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti anatabasamu na kusema kwamba siri za chumbani haziletwi ofisini. Jua linapotua, mwanamke yule yuko pale pale alipotoka. Tofauti ni kwamba sasa mume anajua ya kuwa amekwenda kumshtaki, na anajua pia kwamba hakuna aliyemsikiliza.

Tazama basi, ndugu msomaji. Katika watu hawa wanne hakuna hata mmoja aliyekusudia ubaya. Kila mmoja alimpa neno lililo zuri mahali pake: subira, heshima, sala, siri. Lakini maneno hayo manne yamekuwa milango minne iliyofungwa. Na zaidi ya hayo, yamemfundisha mume somo moja, kwamba anaweza. Mkono wake usiku ule ulikuwa mmoja. Asubuhi umeongezewa mikono minne mingine, ingawa wenyewe hawakujua.

Wengine hujitetea kwa methali isemayo kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Methali hiyo ina hekima yake, ila imesemwa juu ya ugomvi. Ugomvi ni wa watu wawili, kila mmoja ana ulimi wake na nguvu zake, na kesho hupatana. Lakini mmoja akiwa anapiga na mwingine akiwa anapigwa, huo si ugomvi tena. Ni dhuluma, na mbele ya dhuluma hakuna shamba la kwenda kulima.

Na subira je? Hakika subira ni sifa tukufu. Mtu husubiri juu ya maradhi, juu ya kifo cha mpenzi wake, juu ya mavuno yaliyoharibiwa na jua. Pia husubiri katika kutimiza wajibu ulio mgumu. Lakini subira ni amri anayojiamrisha mtu mwenyewe. Si dawa ya kumwagizia mwenzako ili wewe upate usingizi. Mtu akiona paa la jirani linaungua hamwambii asubiri, humletea maji.

Sitara ni ya Nani?

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Dini imetufunza kufunika aibu za watu. Mtume Mtukufu (s.a.w.) amefunza kwamba amsitiriye mwenziwe, Mwenyezi Mungu naye atamsitiri. Watu wengi wema hunyamaza kwa ajili ya mafunzo hayo, na nia yao yastahili heshima. Hata hivyo, yatupasa kuuliza: ni aibu gani ifunikwayo?

Mtu akiteleza katika jambo lililo baina yake na Mola wake, kisha akajuta, kumtangaza ni ukatili. Hakuna aliyeumizwa isipokuwa nafsi yake, na mlango wa toba uko wazi kwake. Lakini mtu anapomvunja mwingine mkono, hapo pana watu wawili. Ukimfunika aliyevunja, umemfunika juu ya mgongo wa aliyevunjwa. Sitara yako imelipiwa na mtu mwingine ambaye hukumwuliza. Wema wa namna hiyo ni kama sadaka ya mali ya wizi.

Kurani Tukufu imeiweka wazi tofauti hii. Katika Sura An-Nisaa twafundishwa kwamba Mwenyezi Mungu hapendi maneno ya ubaya yatangazwe hadharani. Kisha papo hapo ametolewa katika katazo hilo mtu mmoja, naye ni yule aliyedhulumiwa. Huyo ana ruhusa ya kupaza sauti. Na katika Sura hiyo hiyo waumini wameamrishwa wawe mashahidi wa haki, ijapokuwa ushahidi huo ni juu ya nafsi zao, au wazazi wao, au jamaa zao. Basi baba anayemrudisha binti yake ili jina la ukoo lisichafuke, na jamaa wanaomficha kaka yao, wamekwisha kupewa jibu.

Iko Sura nyingine iitwayo Al-Mujadila, maana yake mwanamke mwenye kuhoji. Imepewa jina hilo kwa sababu ya mwanamke aliyekuja kwa Mtume (s.a.w.) kumlalamikia mumewe kwa maneno aliyomtamkia, nayo yaanza kwa kueleza kwamba Mwenyezi Mungu ameyasikia malalamiko yake. Mwenye kufikiri na afikiri: ikiwa Mola wa mbingu na ardhi hakuona aibu kusikiliza mashtaka ya mke juu ya mumewe, sisi ni nani hata tuseme kwamba mambo ya ndani hayasikilizwi?

Hoja ya Wenye Kuitumia Dini

Huenda mtu akasema: "Je, si Sura hiyo hiyo ya An-Nisaa inayotaja kumpiga mke?" Haifai kulikimbia swali hili, hasa kwa kuwa wanaoichunguza dini huliuliza kwa moyo safi, na wapigaji hulitaja kwa moyo usiokuwa safi.

Jibu ni hili. Jambo hilo limetajwa baada ya kuamrishwa kuonya na kutengana malazi, tena juu ya uasi ulio mkubwa, wala si juu ya chakula kilichoungua. Kisha Mtume (s.a.w.) mwenyewe akaizungushia ua mrefu: usoni pamekatazwa kabisa, na pigo lenye kuumiza limekatazwa. Aliwakemea wale wawapigao wake zao mchana kama watumwa kisha wakawaendea usiku. Wanawake wengi walipokuja nyumbani kwake kuwalalamikia waume zao, alieleza kwamba waume hao si watu bora. Na Bibi Aisha (r.a.), aliyeishi naye nyumba moja, ameshuhudia kwamba Mtume hakumpiga kamwe kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Basi mwenye kutaka kufuata Sunna, Sunna ndiyo hiyo. Na mwenye kutaka kuitumia aya moja kuhalalisha jino lililong'oka na jicho lililovimba, huyo hakuisoma aya. Amejisomea hasira yake mwenyewe.

Tena kuna tukio lililopokewa na Imam Malik na Abu Daud, nalo latufaa sana katika jambo letu. Bibi Habiba binti Sahl alikuwa mke wa Thabit bin Qais, sahaba mwenye sifa. Siku moja Mtume (s.a.w.) alitoka kwenda kusali alfajiri, akamkuta mwanamke amesimama mlangoni pake gizani. Akamwuliza ni nani na ana jambo gani. Akajibu kwamba yeye na mumewe hawawezi tena kukaa pamoja; na katika mapokeo ya Abu Daud imeelezwa kwamba mume alikuwa amempiga hata akamvunja. Mtume hakumwambia arudi akasubiri. Alimwita Thabit, akalisikiliza jambo lao, akamwamuru apokee mahari aliyokuwa ametoa na kumwacha, na Bibi Habiba akakaa kwa jamaa zake.

Hebu tuzingatie mambo matatu katika tukio hili. Kwanza, mwanamke yule alijua mlango wa kwenda, tena gizani. Pili, mlango ulifunguliwa, naye akaulizwa lililompata, wala hakuulizwa amefanya nini hata akapigwa. Tatu, mume alikuwa sahaba mwenye heshima, na heshima yake haikuzuia hukumu. Mitaa yetu ingekuwa na mambo haya matatu tu, mengi yangalipona.

Sheria ya Nchi Yasemaje

Muumini ameamrishwa kuitii sheria ya nchi yake, kwa hiyo ni vyema kuijua. Tanzania Bara inayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu chake cha 66 kimetamka kwamba, hata kama mila yasema vingine, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kumpiga. Ni zaidi ya miaka 50 sasa tangu neno hilo litungwe, na bado wako watu wengi wasiolijua. Kadhalika Kanuni ya Adhabu yahesabu shambulio la kudhuru mwili kuwa ni kosa la jinai, na mwenye kutiwa hatiani aweza kufungwa hadi miaka 5. Sheria haikusema kwamba kosa hilo lafutika likifanywa sebuleni.

Sheria hiyo ya ndoa yaeleza pia kwamba shauri haliwezi kufunguliwa la kumlazimisha mke akaishi na mumewe. Basi hao wanaomwambia mwanamke, "Utarudishwa kwa nguvu na serikali," humtisha kwa jambo lisilokuwapo. Na yule anayeogopa kutoka mikono mitupu na ajue ya kwamba mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kuwa kazi za nyumbani za mke, kama kupika na kulea, ni mchango wake katika mali ya ndoa inapogawanywa.

Njia Zilizo Karibu

Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Shirika kubwa lililoko mji mkuu halimfai mwanamke aliye Kigoma au Lindi usiku wa manane. Kwa hiyo twataja hapa njia zinazopatikana karibu, na zimpasazo kila mtu kuzifahamu.

Ya kwanza ni hospitali au zahanati. Mwenye jeraha apelekwe kutibiwa. Ikiwa ameingiliwa kwa nguvu asicheleweshwe, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizo ya virusi vya UKIMWI zafaa zikianzwa kabla ya kupita saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora. Nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe, kwani ni ushahidi. Katika baadhi ya hospitali viko vituo vya mkono kwa mkono, ambamo daktari, polisi, mshauri na afisa ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja, ili mtu aliyeumia asisimulie aibu yake katika ofisi nne mbalimbali. Kituo cha namna hiyo kiko Hospitali ya Amana jijini Dar es Salaam, na kwa Zanzibar kiko Hospitali ya Mnazi Mmoja, na viko vingine mikoani.

Ya pili ni polisi. Katika vituo vingi kumewekwa Dawati la Jinsia na Watoto, ambapo askari waliofunzwa husikiliza mambo haya katika chumba cha faragha. Hapo ndipo hutolewa fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha, na mahakama huitumia kuwa ushahidi. Mwenye kuandamana na majeruhi na akumbuke kuiulizia fomu hiyo.

Ya tatu ni ofisi ya ustawi wa jamii katika halmashauri. Huko husikilizwa habari za matunzo ya watoto, mahali pa kukaa kwa muda, na ushauri. Ikiwa mtoto ndiye anayeumizwa, au anayeshuhudia mateso, kuna simu ya msaada kwa mtoto, nambari 116, ambayo haitozwi malipo.

Ya nne ni msaada wa sheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, nao hupatikana katika wilaya nyingi, wakiwasaidia watu wasiokuwa na uwezo wa kumlipa wakili. Viko pia vyama vilivyoanzishwa na wanawake wenyewe, kama vile TAMWA cha wanahabari tangu mwaka 1987, na TAWLA cha wanasheria tangu mwaka 1989, ambavyo vimeshughulikia jambo hili kwa miaka mingi.

Ya tano ni Baraza la usuluhishi wa ndoa, ambalo kwa kawaida lazima lisikilize kabla ya kesi ya talaka kufunguliwa mahakamani, isipokuwa mahakama ikiona kuna mazingira ya pekee. Hapa twatoa onyo. Kusuluhisha watu waliokosana juu ya matumizi ni jambo moja, na kumkalisha mwanamke ana kwa ana na mtu aliyemvunja taya ni jambo jingine. Atasema kweli vipi, hali anajua watarudi nyumbani kwa njia moja? Mzee au shehe aliyeitwa kusuluhisha na amsikilize kila mmoja peke yake, na aulize kwanza habari ya usalama kabla ya habari ya kupatana. Kurani Tukufu ilipoagiza mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwamuzi kutoka kwa jamaa za mke, ilimpa mke mtu wake wa kumsemea. Haikumwacha peke yake mbele ya wazee wa upande mmoja.

Na kwa wasomaji walioko Kenya, twakumbusha kwamba huko kuna Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2015, ambayo yaiwezesha mahakama kutoa amri ya kumzuia mtesaji asimkaribie aliyeteswa. Simu ya msaada ni nambari 1195, na fomu ya polisi itumikayo ni P3.

Kazi Iliyobaki kwa Jirani

Mtu mkweli atasema: "Njia hizo nazijua, lakini zina mashimo." Naam, ni kweli. Kituo chaweza kuwa mbali na nauli haipo. Askari mmoja aweza kusema mkayamalize nyumbani. Nyumba za kuwahifadhi waliokimbia mateso ni chache mno. Tena mume ndiye mwenye fedha, na mwenye fedha hushinda kwa kuchelewesha.

Lakini mashimo hayo ndiyo kazi yetu. Serikali yaweza kuweka dawati; haiwezi kumshika mtu mkono saa nane za usiku. Hilo ni la jirani. Mkeka mmoja na chumba kimoja kwa usiku tatu, nauli ya kwenda na kurudi, mtu wa kuwashika watoto wakati mama yu hospitalini, mtu wa kusimama naye mbele ya meza ya askari ili asifukuzwe: hayo si mambo makubwa, na mara nyingi hayo ndiyo hutenganisha uhai na mauti. Kina mama wa msikiti au wa kanisa waliozoea kuchangishana kwa arusi na matanga hawashindwi kuweka akiba ndogo kwa ajili ya jambo hili.

Mwenye kusaidia na ashike adabu nne. Kwanza, asikilize bila kulaumu, wala asiulize kwa nini hakuondoka siku nyingi. Kwa maana wengi hukaa kwa ajili ya watoto, na wengine hukaa kwa kuwa wanajua kwamba siku ya kuondoka ndiyo siku ya hatari kubwa. Pili, atunze siri, na hii ndiyo siri iliyo halali: asimwambie mume wala jamaa zake alikokwenda. Tatu, amsaidie kuweka mahali salama hati zake, kama cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi za kliniki, pamoja na tarehe za mambo yaliyompata. Nne, asimwamulie. Mtu aliyenyimwa kauli kwa miaka mingi hasaidiwi kwa kupewa bwana mwingine wa kumwamuru, hata kama bwana huyo ni mwema.

Na mume je, tumtupe? La, hata kidogo. Mtume (s.a.w.) amefunza kumsaidia ndugu akiwa amedhulumiwa na hata akiwa ni dhalimu, na alipoulizwa jinsi ya kumsaidia dhalimu, alieleza kwamba ni kumzuia asidhulumu. Basi marafiki wa mume anayepiga, ambao hukaa naye barazani na kunywa naye kahawa, wasidhani kwamba kunyamaza ni urafiki. Anayemwambia wazi kwamba atendalo ni dhambi na ni kosa la jinai, na kwamba hatamtolea ushahidi wa uongo, huyo ndiye amsaidiaye kweli. Aliyenyamaza amemwacha aendelee kuzama.

Mwisho

Tumeuliza mwanzoni: mtu akijua, limpasalo ni lipi? Jibu letu ni kwamba kujua ni amana. Mwenye kujua hana tena nafasi ya mtazamaji. Amekwisha kuwa shahidi, na shahidi akinyamaza amesema kwa upande wa mwenye nguvu. Siri ya nyumba ni haki ya wote wakaao ndani yake, wala si mali ya mmoja anayeitumia kuwaumiza wengine. Basi kila msomaji na ajiulize leo, kabla hajabishiwa hodi: kituo cha polisi chenye dawati kiko wapi karibu nami? Hospitali ni ipi? Msaidizi wa kisheria wa wilaya yetu ni nani? Na nyumbani kwangu, upo mkeka mmoja wa akiba?

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa milango inayofunguka, awaponye waliojeruhiwa, na aizuie mikono yenye kudhulumu. Amin.